Mistari Sita ya Kikombe cha Nyonga

(Hotuba niliyoitoa kwenye siku ya mafunzo kazini ya matabibu, wauguzi na wataalamu wa mionzi wa hospitali za wilaya. Naiweka nzima kwa ajili ya waliokuwa zamu. Picha za ukutani nimeziacha; pale nilipokuwa nikionyesha kwa kidole nimeongeza maneno.)

Mganga Mkuu, waratibu wa mafunzo, wakubwa zangu wa kazi, shikamooni. Wenzangu, habari za asubuhi. Na nyinyi wanafunzi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, marahaba, ingawa hamjaniamkia.

Nimepewa saa moja nizungumzie nyonga. Nyonga nzima haiishi kwa saa moja, kwa hiyo nimechagua shimo lake, pale kichwa cha fupa la paja kinapokaa na kuzunguka. Vitabuni linaitwa asetabulamu. Leo tutaliita kikombe, tuelewane.

Kwa nini kikombe? Kwa sababu ndicho tusichokisoma. Nawaona, na mimi ni mmoja wenu. Picha ya nyonga inaletwa, jicho linakimbilia shingo ya fupa la paja. Imevunjika? Haijavunjika. Basi, picha inarudi kwenye bahasha, mgonjwa anapewa dawa ya maumivu na kuambiwa apumzike. Kikombe hakuna aliyekiuliza kitu. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Kwenye picha ya nyonga, ndugu zangu, mwenye macho lazima aambiwe tazama, na aambiwe atazame wapi.

Simameni kidogo. Wote. Mganga Mkuu nawe, samahani. Sasa inua mguu mmoja. Mguu uliobaki chini unabeba nini? Uzito wako? Zaidi ya hapo. Misuli ya ubavuni mwa nyonga inavuta kwa nguvu ili usipinduke upande wa pili, na mvuto huo wote unaishia ndani ya kikombe. Watafiti waliwahi kuweka viungo bandia vyenye vipimo ndani yake kwa wagonjwa waliobadilishiwa nyonga, wakasoma mzigo wakati wanatembea. Ni karibu mara mbili na nusu ya uzito wa mwili. Mwenye kilo 70 anakipa kikombe kilo 175 hivi kwa kila hatua, na hiyo ni kutembea tu, hajajikwaa wala hajakimbilia basi. Kaeni, asanteni.

Chombo kinachobeba mzigo huo kimeundwaje? Kwa mifupa mitatu. Iliamu, ule mpana unaoushika ukiweka mkono kiunoni. Iskiamu, ule unaoukalia hivi sasa. Na pubisi, wa mbele, kwenye kinena. Iliamu na iskiamu zinatoa karibu sehemu mbili za tano kila mmoja, iskiamu ukizidi kidogo. Pubisi unamalizia sehemu moja ya tano iliyobaki. Kikombe kinatazama nje, mbele kidogo, na chini. Ndani yake gegedu haikutandazwa kote. Imekaa kwa umbo la hilali, ikizunguka juu, mbele na nyuma, kwa sababu huko ndiko mzigo unakopita. Katikati hakuna gegedu, kuna shimo lenye mafuta laini na kano ya mviringo inayokwenda kwenye kichwa cha fupa la paja. Chini hilali imekatika, na pengo lake limefungwa kwa kano inayokatiza. Ukingoni kuna pete ya gegedu ngumu inayokiongezea kikombe kina. Pete hiyo, mafuta hayo, kano hizo, eksirei haikuonyeshi hata kimoja. Inakuonyesha mfupa. Ukiona nafasi nyeusi kati ya kichwa na kikombe, hapo ndipo gegedu zilipo, na hiyo nafasi ina maneno yake, tutaifikia.

Mifupa mitatu hiyo inaungana lini? Hapa nina kisa.

Mvulana wa miaka 11 alianguka kwenye mwembe. Akapelekwa kituo kimoja, sitakitaja, akapigwa picha, na kwenye cheti kikaandikwa: asetabulamu imevunjika. Akalazwa, mguu ukafungiwa uzito wa kuvuta. Mama yake akauza mbuzi kwa ajili ya safari ya kuja kwetu. Picha ilipofika nikaona mstari mweusi ukikata kitako cha kikombe, kweli upo, unaonekana wazi. Nikatazama upande wa pili, ule ambao hakuuangukia. Mstari uleule. Mahali palepale. Upana uleule.

Ule haukuwa ufa. Ilikuwa gegedu ya ukuaji, yenye umbo la herufi Y, inayotenganisha iliamu, iskiamu na pubisi mpaka mtoto abalehe. Wasichana hufunga mapema kuliko wavulana. Na kabla haijafunga kabisa, vipande vidogo vya mfupa hujitokeza ukingoni mwa kikombe, vinamchanganya hata mzoefu, naye akaandika "kipande kimevunjika." Mtoto yule alikuwa ameumia msuli. Tukamtoa kwenye uzito, akaondoka kwa miguu yake.

Kwa hiyo, kwa mtoto, linganisha pande mbili. Linganisha pande mbili. Nasema mara ya tatu kwa ajili ya wale wa nyuma: linganisha pande mbili. Usipige nyonga moja ukaiacha nyingine. Piga fupanyonga lote. Lakini msiidharau hiyo Y nayo. Mtoto mdogo akigongwa na gari ikapondeka, inaweza kufunga kabla ya wakati, na kikombe kikaacha kukua. Kinabaki kifupi, na kichwa kinaanza kuchungulia nje mtoto anavyokua. Huyo afuatiliwe miaka, hata kama leo anacheza mpira.

Tukiwa bado kwa watoto. Je, mnajua kikombe kinapata kina chake wapi? Kinakipata kutoka kwa kichwa chenyewe. Kichwa kikikaa ndani na kuzunguka, kikombe kinajifinyanga kukizunguka. Kichwa kikikaa nje, kikombe kinakuwa sahani. Japani walilijua hili kwa uchungu. Kulikuwa na desturi ya kuwafunga wachanga miguu ikiwa imenyooshwa na kubanwa pamoja, na nyonga zilizoteguka zilikuwa nyingi. Miaka ya 1970 ikaanza kampeni ya nchi nzima kuwaambia wazazi waiache miguu ya mtoto ijikunje na kujitanua, na idadi ikashuka sana.

Sasa tazameni mama zetu. Mtoto mgongoni, mbeleko imefungwa, miguu imetanuka huku na huku kiunoni mwa mama. Ndilo pozi lenyewe ambalo daktari wa mifupa Ulaya anamfungia mtoto mikanda ili alipate. Malawi walichungulia kumbukumbu za maelfu mengi ya watoto wa hospitali, wakakuta tatizo hili ni nadra mno, na wakaitaja mbeleko miongoni mwa sababu. Sisemi mbeleko peke yake, urithi nao upo. Nasema tu kwamba muuguzi wa kliniki asimkataze mama mbeleko kwa kudhani inampinda mtoto miguu.

Na mkimshuku mchanga, msikimbilie eksirei. Kiini cha mfupa kwenye kichwa cha fupa la paja huanza kuonekana mtoto akiwa na umri wa miezi 4 hadi 6. Kabla ya hapo mnapiga picha ya gegedu, yaani mnapiga picha ya kitu kisichoonekana. Altrasaundi inaiona, Reinhard Graf wa Austria ndiye aliyetufundisha njia hiyo, mwaka 1980. Baada ya miezi hiyo, chora mstari mlalo unaopita kwenye Y zote mbili, kisha shusha mstari wima kutoka ukingo wa nje wa paa la kikombe. Umepata vyumba vinne. Kichwa kinatakiwa kikae chumba cha chini, cha ndani. Kikiwa chumba kingine chochote, andika rufaa.

Nageukia watu wazima, na huku tutakaa zaidi.

Kwa muda mrefu, mtu aliyevunjika kikombe alilazwa kitandani na kuvutwa mguu kwa wiki nyingi, basi. Sababu mojawapo ni kwamba madaktari hawakujua wanatazama nini. Picha ilionekana vurugu tupu: mistari juu ya mistari. Jijini Paris alikuwepo daktari mpasuaji, Robert Judet, na kijana aliyekuja kufanya kazi chini yake, Émile Letournel, mzaliwa wa kisiwa kidogo cha Wafaransa karibu na Kanada. Letournel akachukua picha za wagonjwa akaziweka kando ya mifupa mikavu ya nyonga. Kila mstari kwenye filamu, akautafutia mwenyewe kwenye mfupa. Mwaka 1964 wakatoa makala ambayo hadi leo, kila mpasuaji wa nyonga duniani, awe Dar es Salaam au Toronto, anazungumza kwa lugha yake.

Walisema nini? Walisema kikombe kimeshikwa na nguzo mbili zinazokutana juu yake. Nguzo ya mbele inashuka kutoka ubawa wa iliamu, inapita mbele ya kikombe mpaka pubisi. Nguzo ya nyuma ni fupi na nene, inatoka kwenye mkunjo wa siatiki, nyuma ya nyonga panapopita neva kubwa ya mguu, kushuka hadi iskiamu unaoukalia. Kila nguzo ina ukuta wake ukingoni: ukuta wa mbele na ukuta wa nyuma. Wakazipanga aina za kuvunjika kuwa kumi, tano rahisi na tano za mchanganyiko. Hizo kumi sitaki mzikariri leo. Anayezihitaji ni anayeshika kisu. Nyinyi nawataka mwone kwamba kuna kitu kimevunjika, na mseme ni mbele au ni nyuma.

Mtaonaje? Nimekuja na chupa hii ya soda, tupu, imeoshwa. Nainyanyua mbele ya dirisha. Katikati mwanga unapita, unaniona usoni. Kingoni mwa chupa kuna mistari miwili myeusi. Je, kioo cha kingoni ni kinene kuliko cha katikati? Hapana, ni kilekile. Ila kingoni mwanga unapita ndani ya kioo kwa urefu wake, katikati unakikata kwa unene wake. Mionzi nayo hufanya hivyohivyo, ila kwenye filamu panapozuia mionzi panatoka peupe. Kila mstari mweupe mnaouona kwenye nyonga ni ukuta wa mfupa ambao mionzi imeupitia kwa urefu. Mgonjwa akigeuka kidogo, ukuta mwingine ndio unapitiwa, na mstari unahama. Kwa hiyo mistari ni vivuli. Lakini ni vivuli vyenye adabu: mgonjwa akilazwa sawasawa, vinatokea mahali palepale kila siku.

Mistari ni sita. Chukueni kalamu.

Wa kwanza unaanza karibu na kiungo cha sakramu, mfupa wa chini ya uti wa mgongo, unazunguka ukingo wa ndani wa fupanyonga mpaka mbele kwenye kinena. Huo unasimamia nguzo ya mbele. Wa pili unaanza karibu hapohapo lakini unashuka wima hadi iskiamu. Huo ni wa nguzo ya nyuma. Hii miwili ndiyo baba na mama. Ukikatika wa kwanza, nguzo ya mbele ina neno. Ukikatika wa pili, ya nyuma. Ikikatika yote miwili, mpigie simu mpasuaji kabla hujamaliza kuandika.

Wa tatu unaitwa tone la chozi, nao una umbo hilo kweli, chini ya kikombe upande wa ndani. Mkono wake wa nje ni sakafu ya kikombe, mkono wa ndani ni ukuta wa fupanyonga. Kwenye mfupa mkavu ukilitafuta tone hilo hulipati! Linazaliwa kwenye filamu tu, pale nyuso mbili zinapopitiwa na mionzi pamoja. Ila lina faida: kwa kawaida mstari wa pili hulipitia au huligusa. Vikiachana, ama mgonjwa amelazwa upande, ama sakafu imevunjika na kuzunguka.

Wa nne ni paa, utepe mweupe juu ya kichwa. Hapo ndipo zile kilo 175 zinapopita. Ufa unaofika kwenye paa ni habari tofauti na ufa wa chini kabisa, hata kama vina urefu mmoja.

Wa tano na wa sita ni kingo za kuta mbili, zote zikionekana kupitia kichwa cha fupa la paja. Ukingo wa mbele uko ndani zaidi na umejipindapinda kidogo. Ukingo wa nyuma uko nje zaidi, na umenyooka. Huu wa nyuma, jamani, ndio unaopotea mara nyingi, na ndio tunaoukosa mara nyingi.

Kuna na wa saba ambao si wa kikombe lakini siwezi kuuacha. Shenton, daktari wa mionzi wa hospitali ya Guy's jijini London, aliueleza mwaka 1911. Fuata ukingo wa juu wa tundu la obturata, lile tundu kubwa kati ya pubisi na iskiamu, endelea nje hadi upande wa ndani wa shingo ya fupa la paja. Unatakiwa uwe upinde mmoja laini. Ukivunjika, ama shingo imevunjika, ama kichwa kimetoka kwenye kikombe.

Nani kati yenu amewahi kukaa kiti cha mbele cha gari la abiria, magoti yakigusa dashibodi? Wote. Basi sikilizeni kisa cha pili.

Gari dogo la abiria liligongana na lori usiku. Kijana wa kiti cha mbele, hakufunga mkanda, goti likapiga dashibodi. Akafikishwa kituo fulani, goti linavuja damu. Likasafishwa, likashonwa, likapigwa picha: mfupa mzima. Akalala wodini akilia nyonga, akaambiwa ni maumivu ya goti yanapanda. Siku ya tano muuguzi mmoja, na natamani ningempa zawadi, akasema mguu huu ni mfupi. Mfupi, umekunjwa, umegeukia ndani. Picha ya fupanyonga ikapigwa. Kichwa kilikuwa nyuma ya kikombe, na ukuta wa nyuma umeng'oka kipande.

Ukiwa umekaa, nyonga imekunjwa, kichwa cha fupa la paja kinaegemea wapi? Ukuta wa nyuma. Goti likigongwa, fupa la paja linasukumwa lote nyuma. Aliyebananisha magoti au kukalia mguu juu ya mguu, kichwa kinaweza kuchomoka bila kuvunja kitu. Aliyetanua magoti anaondoka na kipande cha ukuta. Kwa hiyo sheria ni hii: goti limepigwa dashibodi, au fupa la paja limevunjika ajalini, piga picha ya fupanyonga. Goti likiwa zima, piga. Mgonjwa asipolalamika nyonga, piga.

Kwenye picha ya kutoka mbele, kichwa kilichotegukia nyuma huonekana kidogo kuliko cha upande wa pili, kwa kuwa kiko karibu na filamu. Kilichotegukia mbele huonekana kikubwa. Trokanta ndogo nayo, ile nundu ya ndani chini ya shingo ya fupa la paja: kwa aliyetegukia nyuma inajificha, maana mguu umegeukia ndani. Halafu utafute ule mstari wa sita. Umekamilika? Au kuna kipande kinaelea juu, nje ya kichwa?

Kama hamna siti-skani, na wengi wenu hamna, msikate tamaa. Robert Judet ametuachia picha mbili za mshazari, nyuzi 45, zinazopigwa kwa mashine ileile. Nyanyua upande ulioumia kwa mto wa sponji: tundu la obturata linafunguka wazi, na unaona nguzo ya mbele na ukuta wa nyuma. Nyanyua upande usioumia: ubawa wa iliamu ulioumia unatandaa, na unaona nguzo ya nyuma na ukuta wa mbele. Mgonjwa ataumia mkimgeuza. Mpeni dawa kwanza, mgeuzeni mwili wote kwa pamoja.

Wataalamu wa mionzi, nanyi mna sehemu yenu, tena kubwa. Mgonjwa aliyelala upande anaweza kumfanya asiye na tatizo aonekane amevunjika. Ncha ya kifandugu itazamane na kiungo cha kinena, sentimita 1 hadi 3 juu yake. Matundu mawili ya obturata yalingane. Miguu igeuzwe ndani nyuzi 15 hivi ili shingo ionekane kwa urefu wake, isipokuwa kwa aliyeshukiwa kuteguka au kuvunjika. Huyo asiguswe, mpige alivyo. Na mwanamke aulizwe ujauzito kabla hajapanda mezani, siyo akishavaa viatu.

Mgonjwa wa selimundu nimemwacha kidogo makusudi, kwa sababu yeye ugonjwa unaanzia kwenye kichwa, kikombe kinafuata. Kichwa kinakosa damu, kinakufa, kinabonyea, kisha kikombe kinasuguliwa na kitu kisicho mviringo. Kwetu Tanzania wapo wengi, na wengi ni vijana. Mjue tu kwamba picha ya mwanzo inaweza kuwa safi kabisa huku kijana anachechemea. Picha safi haimfanyi mwongo.

Turudi kwa aliyeteguka, maana huyo ana saa. Inatakiwa kichwa kirudi ndani ya saa 6, kwa usingizi na misuli iliyolegea. Kila saa inayopita inazidi kukinyima damu. Kabla ya kukirudisha, mwambie mgonjwa apandishe wayo juu. Akishindwa, neva ya siatiki imeguswa. Andika saa na dakika, ili asije mtu kesho akasema umeiumiza wewe. Baada ya kukirudisha, picha tena. Siyo hiari. Na sasa ile nafasi nyeusi niliyowaahidi: pima nafasi kati ya kichwa na paa, kulia na kushoto. Upande uliorudishwa ukiwa mpana zaidi, kuna kitu kimebaki ndani, mara nyingi kipande cha ukuta. Asitembee. Rufaa.

Na mkitutumia picha kwa simu, tumeni filamu nzima, siyo nyonga moja iliyokatwa, na alama ya kulia au kushoto ionekane. Nimeshapokea nyonga isiyojulikana ni ya upande gani, saa nane za usiku.

Filamu zimebandikwa kwenye kisanduku cha taa pale ukutani, na kalamu za nta zipo mezani. Kila mmoja achore mistari sita kwenye filamu moja kabla ya chai. Baadhi ni za kawaida kabisa, sisemi zipi.